Jina la Mama Mkubwa Lilivyofungwa

Mwanamume aliyetoka Kilangala alifika kwenye nyumba ya wageni ya mama mkubwa kabla ya adhuhuri. Aliletwa na bodaboda kutoka Nangurukuru, suruali yake imejaa vumbi hadi magotini. Alikataa kiti na maji. Salamu alitoa, maana kwetu hata mwenye hasira husalimu, kisha akanyoosha mkono wenye simu.

“Jina hili ni la nyumba hii?”

Mama mkubwa alivaa miwani akasoma polepole. “Ndiyo, baba. Ni letu.”

“Basi hela yangu ya korosho unayo wewe.”

Nilikuwa nyuma yake nafunga balbu ya barazani, na nilijua kabla sijaitwa kwamba kilichoharibika ni kitu changu. Ndivyo nilivyo. Sufuria ikianguka jikoni kwa jirani, moyo wangu huuliza kwanza kama ni mimi niliyeiweka vibaya.

Yule bwana alieleza kwa sauti ambayo wapita njia waliisikia. Alipata ujumbe kwamba malipo yake yamekwama, abonyeze hapa ayafungue. Alibonyeza. Ukatokea ukurasa wenye rangi za kampuni anayowekea fedha kwenye simu, ukamwomba namba ya siri, naye akaiandika. Akaunti ikabaki tupu. Alipotulia aliirudia ile anwani, akaona ndani yake jina la nyumba ya wageni, akauliza watu, akaambiwa iko Kilwa Masoko. Akapanda basi.

“Mwanangu,” mama mkubwa aliniita bila kugeuka, “hebu njoo umweleze huyu bwana.”

Nilishindwa. Niliisoma ile anwani kwenye simu yake. Nilisema kuna watu wameingia ndani ya tovuti yetu na kupachika ukurasa wao, sisi hatukujua. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayedai kwamba sahani ilijivunja yenyewe.

“Jina lako. Ukurasa uko chini ya jina lako. Halafu mwizi ni mwingine?”

Mama mkubwa alimwomba abaki ale chakula cha mchana. Akasema hali chakula cha nyumba hii. Aliondoka akisema atapita sokoni na msikitini, watu wajue. Na alipita.

Niseme kwanza mimi ni nani katika jambo hili. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Kidato cha nne nilipata matokeo ambayo hadi leo siwezi kuyataja mbele ya watu. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe, kwanza kwa simu, baadaye kwa kompyuta iliyotumika, iliyokuwa inazima ukiisogeza. Kwa kuwa sina cheti, nikawa mtu wa kukagua. Barua pepe ya mistari miwili naisoma kwa sauti kabla ya kuituma. Nikishaituma naisoma tena, nikitafuta kosa ambalo sasa siwezi kulirekebisha.

Nyumba ya mama mkubwa ina vyumba vichache na ua wenye kivuli. Wanaolala hapo ni wageni wa kwenda kuangalia magofu kisiwani, maofisa wenye semina wilayani, na wafanyabiashara wanaosubiri mzigo bandarini. Mimi ndiye niliyemshawishi awe na tovuti. Na kabla sijamsajilia jina, nilisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu majina ya tovuti.

Hapo ndipo nilipojifunza tofauti ambayo imenila miaka hii. Kuna jina linalosajiliwa kwa hila tangu mwanzo: mtu anachukua jina la biashara ya mwenzake ili amuuzie, au anatunga jina linalofanana na la benki ili awaibie watu. Huyo ni kama mtu anayezungushia uzio kiwanja cha mwenzake. Kosa limo kwenye kule kukichukua, hata kama hajajenga kitu. Na kuna jina lililosajiliwa kwa haki na mwenye nalo, halafu likatumiwa vibaya. Hiyo ni nyumba yako halali ambayo wahuni wameingia chumba cha nyuma wakapika gongo. Kwa yule wa kwanza, unamnyang’anya kiwanja. Kwa huyu wa pili, unawatoa wahuni na kumwachia mwenye nyumba nyumba yake. Ni mambo mawili, na dawa zake mbili.

Nilisoma pia kwamba mafundi wengi husajili majina ya wateja kwa jina lao wenyewe, ili mteja asiweze kuwakimbia. Hiyo nayo ni hila. Nikaapa sitakuwa fundi wa namna hiyo. Kwenye usajili niliweka jina kamili la mama mkubwa, simu yake, na barua pepe yake niliyomfungulia siku hiyohiyo. Mimi sikuonekana popote. Niliona fahari. Nilikuwa nimefanya kitu safi kabisa, na hakikuwa na alama yangu hata moja.

Wiki chache baadaye, kijana mwenye duka la kutoa kopi karibu na soko alilisajili jina lilelile. La mama mkubwa lilikuwa na mwisho wa nchi yetu, .co.tz, yeye akachukua lenye mwisho wa .com. Hakuweka kitu ndani yake, ukurasa mweupe tu. Nilimfuata dukani.

“Oya, injinia wa simu!” alinipokea. “Umekuja kutoa kopi?”

“Jina la mama mkubwa umelichukua la nini?”

“Nimeliona liko wazi. Fursa hiyo, kaka. Wewe ulilala.”

“Si lako.”

“Limeandikwa jina la mama mkubwa wako wapi? Mwambie akilihitaji, tutaongea kifamilia. Mimi mwanawe vilevile.”

Wawili waliokuwa wanasubiri kopi walicheka. Nilirudi nyumbani nikaandika malalamiko marefu kwenda kwa wanaosuluhisha migogoro ya majina. Nilieleza kila kitu, nikamsomea mama mkubwa. Kilichobaki ni yeye kukubali, maana mlalamikaji lazima awe mwenye biashara.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mama yake huyu kijana ndiye aliyemwosha dada yangu mkubwa alipofariki. Leo nikamshitaki mwanawe kwa kitu cha kwenye simu?”

“Amekuibia, mama.”

“Kaniibia nini? Kuna kitu mle? Wewe si umesema ni cheupe?”

Mbele ya maiti iliyooshwa kwa heshima, nikafunga faili. Malalamiko yale yamo kwenye kompyuta hadi leo, hayana kosa hata la nukta.

Baada ya yule bwana wa Kilangala kuondoka, nilikaa na mama mkubwa tukafungua simu yake. Wahuni walikuwa wameingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa ametumiwa ujumbe: shikamoo mama, pole na majukumu, mimi kijana wako wa ofisi ya mitandao, naomba paswedi ya tovuti tuiongezee ulinzi kabla wageni hawajawa wengi, Mungu akubariki. Mama mkubwa alijibu marahaba mwanangu, akampa, akamwombea dua.

“Alisalimu vizuri,” alisema. “Mtu anayenipa shikamoo nitamnyimaje?”

Kisha nikaona jambo jingine. Kwenye barua pepe yake, ile niliyomfungulia mimi, kulikuwa na maonyo ya kweli kutoka kwa msajili wa majina. Yalisema kuna ukurasa wa utapeli chini ya jina lako, uondoe, tujibu, la sivyo tunalifunga. Yote kwa Kiingereza, bila salamu, bila jina lake, yanaanza na vitisho na kumaliza na vitisho. Yote yalikuwa kwenye kapu la taka.

“Hawa ndio matapeli,” alinieleza, na alikuwa na uhakika. “Si wewe uliyenifundisha? Ulisema ujumbe wa Kiingereza unaokuharakisha na kukutisha, usiuguse. Nikautupa.”

Nilimfundisha hivyo kweli. Nilisimama hapo barazani na kalamu, nikamchorea dalili za matapeli, na nikamwuliza maswali mpaka akafaulu. Alifaulu mtihani wangu. Na kama ningekuwa fundi mwenye hila kidogo, fundi wa kuandika barua pepe yake mwenyewe kwenye jina la mteja, maonyo yale yangekuja kwangu na jambo lingeisha asubuhi moja. Sijui niutumieje ukweli huo. Nimejaribu kuugeuza kila upande na kila upande unachoma.

Nilisafisha tovuti mchana huo. Nilifuta ukurasa wa wahuni, nikabadilisha paswedi, nikapitia faili moja baada ya jingine. Nilipomaliza, nikafungua anwani kwenye simu yangu nione kazi. Haikufunguka. Msajili alikuwa ameshalifunga jina lenyewe.

Nilipiga simu kwa msajili. Alipokea kijana mwenye sauti nzuri.

“Jina hili limefungwa kwa utapeli,” alisema.

“Jina halikusajiliwa kwa utapeli. Liliingiliwa. Nyumba ipo, kibao kipo, leseni ipo. Fungeni ukurasa, msifunge jina.”

“Kaka, kwetu yanaingia malalamiko mengi. Tulituma maonyo, hayakujibiwa. Mwenye jina asiyejibu tunamhesabu ni tapeli.”

“Kuna jingine kama hilohilo, mwisho wake .com,” nilisema, na nilisikia sauti yangu inapanda. “Hilo ndilo lililochukuliwa kwa hila.”

“Lina utapeli ndani?”

“Halina kitu.”

“Kuna aliyelalamika?”

“Niliyaandika malalamiko. Hayakutumwa.”

“Basi hilo ni safi,” akasema, bila ubaya wowote.

Nilituma leseni, picha ya kibao, kitambulisho cha mama mkubwa, na maelezo niliyoyasoma kwa sauti mpaka koo likakwaruza. Walijibu kwamba wamepokea. Wageni wakaanza kupungua, kwanza wa mbali, ambao hutafuta nyumba kwa mtandao. Halafu hata maofisa wa semina wakawa wanapelekwa kwingine, kwa kuwa mjini ilikuwa imeshajulikana kwamba jina la mama mkubwa limeibia watu. Mwanamke mmoja sokoni alimwambia usoni, “Bi mkubwa, siku hizi unavua bila nyavu!” na watu wakacheka. Mama mkubwa alinunua nyanya zake, akalipa, akarudi nyumbani akalala na viatu.

Nilijaribu kuwaeleza watu ule mfano wa kiwanja na nyumba. Waliuelewa vizuri sana. Kisha wakasema, “Sasa kama mlikuwa mnalala humohumo, harufu ya gongo hamkuisikia?”

Jina lilifunguliwa mvua zikiwa zimeshaanza. Barua haikuomba radhi. Na hata lilipofunguliwa, simu nyingi ziliendelea kutoa onyo jekundu kila mtu alipolibonyeza: hapa pana hatari, rudi nyuma. Onyo hilo halitolewi na msajili, kwa hiyo nikaanza kuwaandikia wenye programu za kufungulia kurasa, mmoja baada ya mwingine. Kwa sehemu kubwa bado nawaandikia.

Mama mkubwa hakusubiri. Siku moja alivaa baibui yake ya kutokea, akaniambia nimsindikize, na sikujua tunakokwenda mpaka tulipofika kwenye duka la kopi.

“Shikamoo mama,” kijana alisimama haraka, akampisha kwenye kiti chake. “Pole sana na yaliyokukuta. Sisi wengine roho zilituuma.”

“Marahaba, baba. Nimekuja kwa lile jina.”

“Nilijua utalihitaji, mama. Ndiyo maana nikakushikia.”

Nikusimulie nilichohisi? Nilitaka mama mkubwa ageuke anitazame, aone kwamba huyu ndiye. Neno ‘nikakushikia’ lilikuwa ungamo zima. Lakini alikuwa anafunga mkoba wake.

Walikubaliana haraka. Jina litabaki lake kijana, mama atakuwa analitumia na kumpa kitu kidogo kila msimu. Nilisema, kwa heshima zote nilizoweza, kwamba angalau usajili uandikwe jina la mama.

“Ya nini kumsumbua?” alijibu kijana. “Yatakuja yale mabarua ya Kiingereza, mama atayatupa tena. Acha yaje kwangu, mimi nayajua.”

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo ambalo siwezi kumsamehe.

“Nenda kazihamishe zile kurasa, mwanangu,” mama mkubwa aliniambia tukitoka.

“Mama, jina hili lilichukuliwa kwa nia mbaya tangu siku ya kwanza.”

“Nia yake ataulizwa yeye. Mimi nina vyumba vitupu.”

Nilizihamisha. Ningeweza kukataa, au kuifanya kazi ovyo ili ishindwe. Wazo hilo lilinijia na nilikaa nalo muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini mikono yangu haijui kufanya ovyo. Nilipanga picha za vyumba, nikanyoosha maneno, nikakagua kwenye simu kubwa na ndogo. Ilitoka nzuri kuliko ya kwanza. Hakuna onyo jekundu, na hakuna anayeuliza jina lilipatikanaje.

Wageni wamerudi, si wote. Kwa kuwa jina ni lake, maombi ya vyumba yanapita kwanza kwenye simu ya yule kijana, naye humtumia mama mkubwa akianza na shikamoo. Wiki iliyopita mama mkubwa aliniita jikoni anionyeshe: wageni wawili, siku tatu, wanataka chumba cha uani.

“Unaona mwenzako?” alisema, akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mambo yale yaanze. “Anatuletea watu.”

Nilimwambia nimeona. Kisha nikaenda kutandika chumba cha uani, nikazivuta pembe za shuka mpaka zikalingana.