Dawa Kwanza, Choo Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya kando ya ziwa, mkuu wa maabara alinikabidhi rejesta, kalamu na koti lililonizidi. Akaniambia, "Binti, hapa tunapima. Kubahatisha waachie wengine." Nilimpenda kwa neno lile.

Ninyi vijana wa hapa Merrylands, Sydney, mnaosomea maabara mmeniomba nieleze tulivyopima kipindupindu bila umeme. Msiogope, ni kazi nyepesi. Unatumbukiza kijiti cha kipimo kwenye choo cha mgonjwa, kile kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele, unasubiri robo saa. Mstari mmoja unakuambia kijiti ni kizima. Ukitokea na wa pili, kipindupindu kimo. Mgonjwa hasubiri jibu. Anapewa maji ya chumvi na sukari, au dripu, papo hapo. Jibu ni la kijiji, ili kisima kifungwe na sampuli ipelekwe mkoani kuthibitishwa.

Ila choo kichukuliwe kabla ya dawa ya kuua vijidudu. Akishaimeza, baada ya siku mbili kijiti mara nyingi hakioni kitu.

Mganga Mkuu wa Wilaya alilijua hilo kuliko mimi. Walipoletwa wagonjwa watatu wa kijiji kimoja, alinipigia simu.

"Wape dawa kwanza. Choo utachukua keshokutwa."

"Daktari, keshokutwa hatutaona kitu."

"Wewe mpimaji au mwanasiasa? Nina ugeni wa mkoa wiki hii. Sitaki neno hilo wilayani kwangu."

Nilitii. Keshokutwa yake nikapima: mstari mmoja, mara tatu. Nikaandika hasi, nikaweka sahihi.

Mama Rehema, muuza uji wa soko la kijiji hicho, akanishika mkono njiani. "Mdogo wangu, watu wanasema kisima kina balaa. Uji nachemsha, lakini wateja wangu wanataka na maji ya baridi, wanadeka kama wakwe. Nichote, nisichote?"

"Vipimo vimetoka hasi, dada."

"Basi umenitua mzigo."

Alikufa Jumapili, akiwafuata wateja wake wawili. Choo chake nilikichukua kabla ya dawa, sikumwomba mtu ruhusa. Mistari miwili. Kisima kikafungwa siku hiyohiyo. Mganga Mkuu alipandishwa cheo, akahamia mkoani.

Miaka mingi baadaye, nilipomfuata binti yangu huku Sydney, nilipata kazi ya kupokea sampuli katika maabara moja ya Bankstown. Mwenzangu Mkongo aliinua kichupa kimoja. "Mama, hii haina saa. Rudisha."

"Daktari atakasirika."

"Akasirike. Bila saa ya kuchukua, ile jibu tutaiamini namna gani?"

Akakirudisha, akaendelea kutafuna karanga zake. Hakuna aliyepiga simu. Nilikwenda msalani nikalia kwa hasira: kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Nilistaafu mwaka jana. Watu hutarajia mzee apoe. Mimi sijapoa, na sitaki mpoe ninyi. Andikeni saa ya choo na saa ya dawa, kila mara, hata mkubwa akinuna. Mtaweza, nimewaona mikono yenu ilivyo mitulivu.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yenu, ningekataa ingekuwaje.

Ningefukuzwa, mwanangu. Na Mama Rehema angenicheka, akanipa uji wa bure.