Jirani wa Jirani

Katika maabara yetu ya pamba hapa Shinyanga, kipande cha DNA tusichokijua tunakitafuta kwa kuanzia kipande tunachokijua kilicho ubavuni mwake. Tunanakili kutoka hapo, tunasoma mbele kidogo, na pale tulipofika panakuwa mwanzo mwingine. Umeme ukikatika katikati, natukana kimoyomoyo na kuanza upya.

Kazi hii hunirudisha kwa marehemu bibi yangu, kule Kagongwa. Mgeni akipiga hodi, bibi hakumuuliza jina. Jina la nini? "Huko kwenu mnapakana na nani?" Akitajiwa jirani asiyemjua, aliuliza jirani wa jirani, mpaka amfikie mtu aliyewahi kulima naye. Hapo ndipo mgeni alipopewa kigoda na maziwa ya mgando. Mimi niliona ni usumbufu mtupu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kagongwa. Mlangoni kwa bibi nilimkuta mama mmoja mpangaji. Nikamtaja bibi, hakumjua. Nikamtaja baba, hakumjua.

"Basi mama, hapa mnapakana na nani?"

Akanitajia mtu nisiyemjua. Nikamwomba anitajie jirani wa huyo.