Majani ya Ruzizi yaliyomkosesha baba kadi

Wakuu, salama huko?

Nimesoma uzi wenu wa jana. Watu wazima mnatukanana juu ya picha ya jani moja la aquarium! Huyu anasema ni Ludwigia, yule ni Rotala, na ambaye hajawahi kulowesha hata kidole ndiye anapiga kelele kuliko wote.

Minye niko mama muzee wa Uvira. Wajuaji wa aina yenu niliwaona tangu miaka ya hamsini. Haya si ya kusimuliwa, nilikuwepo. Asiyeamini apite tu.

Baba yangu alikuwa karani bandarini Kalundu. Wakati ule Wabelgiji, watawala wetu, walikuwa na kadi ya Mweusi "aliyestaarabika". Baba akiipata, mtoto wake angeweza kuingia shule ya watoto wa wazungu. Huyo mtoto ni minye, na shule hiyo niliitaka sana.

Lakini kwanza wanakuja kukukagua nyumbani. Mnakula na uma? Choo kikoje? Upuuzi mtupu, na watu wenye akili zao waliukubali.

Baba akazidisha. Bibi, mama yake mzazi, akampeleka kijijini Luberizi asije akaonekana anakula na mikono. Mikeka ikafichwa. Na kwa kuwa aliwahi kuona aquarium kwa mzungu mmoja, akaunganisha vioo na mastiki, ile gundi ya madirisha, akaweka yake salo, pale tunapopokelea wageni.

Majani tuliyachuma minye na baba kwenye tope la mto Ruzizi. Mashina wima, majani magumu ya kijani. Tukayazamisha. Hazikupita siku nyingi majani yakaoza, nyumba ikanuka, mama akanuna.

Baba alipotaka kuyatupa akaona vifundo vya mashina vinachipua. Yakatoka majani mengine kabisa, laini, membamba, mekundu. Ungeapa ni mmea mwingine.

Hapo ndipo nyie wa ID, wa kutambua mmea kwa picha, mnapoanguka. Mmea wa namna hii una majani ya majini na majani ya hewani, na hayafanani hata kidogo.

Basi, mzungu wa komisyo ya kadi akaja na madame wake. Akakagua uma, akafungua mpaka kabati la mama. Alipofika kwenye aquarium uso ukang'aa. Akamweleza madame kwamba mmea huu anaujua sana, uko kwenye mifereji ya kwao, huku Afrika hauoti. Akamuuliza baba kama aliuagiza Ulaya.

Baba akanitazama. Halafu akajibu, "Ndiyo, musyé."

Hiyo "ndiyo" inaniuma mpaka leo.

Mkubwa akanogewa. Shina moja lilikuwa limepita juu ya maji, limetoa majani magumu ya kijani na maua madogo. Akasema, "Ila hili gugu la kwenu linaharibu." Akalishika, akavuta.

Likatoka lote. Juu gugu letu, chini mmea wake wa Ulaya, shina ni lile lile moja, na mizizi inamwaga mchanga kwenye viatu vyake.

Madame alicheka mpaka akatafuta kiti. Bwana yake hakucheka. Akamwambia baba kwamba muntu mwongo hawezi kuwa mstaarabu, akatoka. Yeye aliyeona mifereji ya kwao kwenye majani ya tope la Ruzizi, huyo hakudanganya!

Kadi haikutoka. Shule ile niliijua ukuta wake wa nje tu, nikilia kila nilipopita.

Baba alilirudisha lile shina kwenye mchanga. Kesho yake akapanda lori la Luberizi, akarudi na bibi. Akatandika mkeka pale pale mbele ya aquarium, akaketi karibu na mama yake, tukala bugali na ndagala, hao dagaa wenu, wote kwa mikono.

Somo ni dogo. Usiupe mmea jina kwa jani la majini. Uache utoke juu, utoe maua, ndipo ufungue mdomo. Maua ya mmea wetu yalikaa kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Nadhani ni Ammannia, lakini siapi.

Haya wajuaji, uwanja wenu, shusheni comments. Ila kila mmoja aanze na hili: hilo shina unalolitolea jina, uliwahi kulivuta mpaka mizizi?