Siku Niliyowapa Wakwe Mgongo

Kaka yangu alitaka posa ya bintiye isimamiwe na dada yetu mdogo. "Wewe unasikia nusunusu," aliniambia, tena kwa sauti iliyofukuza kuku uani. Nikamjibu kwamba hata hiyo nusu ni ya shangazi mkubwa, na shangazi mkubwa hajafa bado.

Katika ukoo wetu hapa Namawala, binti akiposwa hajibu mbele za watu. Anakaa mkekani bega kwa bega na shangazi yake, amejitanda khanga, wote wawili wakiwatazama wageni. Anamnong'oneza shangazi jibu, na shangazi analitangaza. Likishatangazwa halirudi. Ndiyo maana kaka alikuwa na wasiwasi, nami, nisiseme uongo, nilikuwa nao kumshinda.

Ila nilikuwa nimetoka kuvalishwa mashine mpya za masikio. Dada wa hospitali aliyenivalisha, pale Ifakara mjini, alinieleza kuwa kila moja ina maiki mbili, na kwamba penye kelele zinachukua zaidi sauti iliyo mbele ya uso na kuzipunguza zilizo nyuma. "Mama, acha kutega sikio," aliniambia. "Anayesema mpe uso, kelele zipe mgongo." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Siku yenyewe ikaangukia msimu wa mavuno. Wageni kutoka Mchombe wamekaa mbele yetu, na nyuma yao, ng'ambo ya barabara, mashine ya kukoboa mpunga inanguruma. Nani wa kwenda kumwambia mwenyewe azime, na magunia yalivyopangana pale? Kaka akamuuliza bintiye kama tuipokee posa. Binti akainama upande wangu. Nami, mazoea yana tabu, nikamtegea sikio huku uso ukibaki kwa wageni.

Nikasikia mpunga ukikobolewa. Nikasikia mgeni mmoja akiisifia chai yetu. Nilisikia kila kilichokuwa mbele yangu ila si mtoto wa kaka yangu aliyekuwa ubavuni. Nilichoona ni khanga tu ikitikisika: amekubali kwa kichwa. Kila mtu aliona. Kaka akanikazia macho kwamba haya, sema, na kina mama walishajiweka tayari kwa vigelegele.

Ningesema "amekubali" nisingekuwa mwongo. Lakini kwa pembe ya jicho niliona kichwa kimetulia na midomo bado inaendelea. Kulikuwa na maneno pale, na mwenye kuyabeba ni mimi peke yangu.

Basi nikasogea mbele ya binti, nikageuza magoti, mwili mzima, nikawapa wakwe mgongo. Kaka akakohoa kile kikohozi chake cha kunionya. Adabu naijua, yeye mwenyewe nimemfundisha mimi. Nikamtazama binti usoni, na ule mngurumo ukapungua kama mtu ameufungia mlango. Nikamwambia, "Rudia, mama."

"Nampenda, shangazi. Ila waambie nimalize kwanza chuo. Umebaki mwaka mmoja. Baba naogopa kumwambia."

Nilisikia kila neno. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Nikatangaza papo hapo, mkono wa binti nimeushika, mgongo bado kwa wageni: amekubali kwa moyo wake, na ndoa ni baada ya chuo. Kaka akaja mbele yangu akitaka kusema jambo. Nikamwambia neno la shangazi likitoka limetoka, akae. Akakaa.

Walichojibu wakwe sikukisikia. Niliambiwa baadaye kwamba mjomba wa kijana alisema subira yavuta heri, na kijana mwenyewe akasema hata yeye alikuwa anataka kujenga kwanza. Wakati ule jibu lao nililiona usoni mwa binti: khanga ilimwanguka mabegani, akacheka meno yote nje, akasahau kwamba yeye ni mposwa.

Ndipo vigelegele vikaanza, kwa mbali, kama vya nyumba ya pili. Vilikuwa nyuma yangu. Nikageuka nivipe uso, vikanijaa masikio yote mawili, na wala havikuwa nusu.