Gunzi la Tangi

Tuliifungia Landrova ya marehemu baba injini ya kisasa, yenye kompyuta. Iliwaka vizuri, lakini kila tukitoka Shinyanga kuelekea Mwadui ilizima njiani. Nikabadilisha pampu ya mafuta, nikabadilisha sensa, nikamfokea fundi, naye akaifokea kompyuta.

Ilipozima mara ya nne, mama akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Baba alikuwa akiliziba kwa gunzi la mahindi. Mimi, mjuaji, nilikuwa nimelizungushia mpira wa baiskeli gunzi hilo hadi likabana kabisa, hata hewa isiingie kusukuma mafuta. Mama akalichomoa. Tangi likavuta hewa, fyuuu! Nikapiga stata, injini ikanguruma.

“Baba yako aliliacha limelegea miaka yote,” mama akasema akicheka, “na wewe ukadhani ni uzembe.”