Mama Mkwe Aliianika Kompyuta Yangu Juani

Msomaji huyu ameomba tulifiche jina lake, na majina ya watu wake tumeyabadilisha. Someni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa fizikia hapa Sumbawanga mjini. Nimeolewa, nina mtoto mmoja mchanga. Naandika kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza tena, na Jumapili ijayo nimeitwa kwenye kikao cha ukoo wa mume wangu kule kijijini kwao, Msanzi.

Kisa kinahusu kompyuta. Si hizi mpya zinazoingia madukani tangu biashara iwe huria. Yangu niliiunda mwenyewe. Shirika moja la umma lilipofungwa hapa mjini, mashine zake kuukuu ziliuzwa kama vyuma chakavu, nami nikapata humo prosesa ya biti nane, yaani ule ubongo wa kompyuta. Ni ya kizamani, inafanya mambo polepole, lakini mtu mmoja anaweza kuielewa yote, waya kwa waya. Hilo ndilo lililonivuta. Nikimaliza kusahihisha madaftari, umeme ukiwapo, nilikaa kwenye chumba cha stoo nikiunganisha nyaya na kuzichomea kwa risasi ya kuyeyusha. Wenzangu wana vitambaa vya kufuma, mimi nilikuwa na hiyo.

Ilinichukua miaka. Mwishowe, kwenye televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, ikaanza kucheza bao. Unacheza zamu yako, inatulia kidogo, nayo inacheza yake. Siku iliponifunga kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mume wangu, Baba Neema, akaja kuuliza kuna nini.

"Imenifunga," nikamwambia.

"Sasa ina faida gani?" akasema, akarudi sebuleni.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka Msanzi kunisaidia. Sina baya la kumsema. Alinikanda, akanipikia uji wa ulezi, akamwogesha mtoto, na nilipolia kwa uchovu alikaa nami bila kuniuliza maswali. Wakati huo mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha na bati la stoo likavuja. Mimi niko ndani na mtoto, sijui. Mama akaikuta mashine imelowa. Akaitoa, akaifuta, akabandua plasta zilizoloana, akaianika uani. Akaendelea hivyo kwa wiki kadhaa: jua likitoka anaianika, wingu likija anairudisha ndani. Hakunisumbua kwa kuniambia.

Sasa nieleweni hapa. Programu yangu yote, yale maelekezo niliyoiandikia ili icheze bao, ilikuwa ndani ya chipu moja yenye kidirisha kidogo cha kioo juu yake. Chipu hiyo hufutwa kwa mwanga. Jua likiingia kwenye kile kidirisha kwa muda mrefu, kilichoandikwa humo kinatoweka, ndiyo maana nilikuwa nimekiziba kwa plasta nyeusi. Kifaa cha kuiandikia kilikuwa cha bruda mmoja fundi wa misheni, naye amesharudi kwao Ulaya. Na yale niliyokuwa nimeyasahihisha mwaka hata mwaka hayakuwa mahali pengine popote.

Nilipoiwasha ikaonyesha chenga tu. Nikafungua, nikakuta kidirisha kiko wazi.

"Mama, ile plasta nyeusi iko wapi?"

"Ilikuwa imelowa, mwanangu, inanuka. Nikaitupa," akanijibu kwa furaha kabisa. "Nimekuokolea kitu chako."

Nikakaa chini, nikalia. Nikasema, "Mama, umeua kazi yangu."

Jirani yetu alikuwa pale uani. Aliposimulia, neno "kazi" likabaki njiani, likafika Msanzi "umeua" peke yake. Mama ni mjane, ni mzee, na ametoka kwenye nyumba yenye kichanga. Mnajua neno kama hilo linavyomfanya mama wa umri ule adhaniwe mchawi vijijini kwetu. Alifunga mzigo wake kesho yake bila kunilaumu. Sasa nasikia watu wanamuuliza nani amekufa kwa mwanaye, na wenzake aliokuwa akipalilia nao hawampitii tena.

Baba Neema ameshaamua. "Utasimama mbele ya wazee useme hakuna kilichoharibika. Lile dude ni zima, kila mtu analiona."

Nimemwambia nitaomba radhi kwa lile neno, hata kwa magoti, maana Mama hakustahili. Lakini kusema sikupoteza kitu, hapo nashindwa.

"Umepoteza nini? Nionyeshe."

Hapo ndipo ninapochoka. Sina cha kuonyesha. Hakuna kilichovunjika, na haijawahi kuwa safi kama ilivyo sasa. Wenzangu shuleni wanasema niandike upya, kana kwamba ni ubao uliofutwa. Dada yangu ananiambia nishukuru mtoto ni mzima. Nashukuru. Lakini kila nikifungua mdomo naonekana mwanamke anayegombana na mkwe wake kwa ajili ya nyaya.

Wiki iliyopita shemeji yangu alikuja na maharage kutoka kwa Mama, pamoja na ujumbe. "Mama anasema umwambie alichoharibu ni nini, maana yeye alikiona kizima."

Tangu haya yaanze, hakuna mtu mwingine aliyeniuliza kwa kutaka kujua. Nilitaka nipande basi siku ileile nikamweleze. Baba Neema akakataa. "Ukimweleza umemthibitishia. Ana presha. Unataka aishi akijua ni kweli?"

Jumapili wazee nitawapigia magoti, hilo halinisumbui. Lakini Mama atakuwa amekaa palepale, ananitazama, anasubiri jibu. Nikimwambia kweli, namtwisha mzigo ambao hakuukusudia. Nikimwambia hakuna kitu, nitakuwa nimemdanganya mtu pekee aliyeuliza. Ninyi mlio mbali na nyumba yetu, nisaidieni: nimjibu nini?