Kome Wadogo wa Baba

Tangu alipowekewa meno ya bandia, baba yangu aliacha kula nasi. Alichukua sahani yake ya bukari, ugali wetu wa Lubumbashi, akajifungia chumbani eti asikilize habari. Redio yenyewe haikuwa na betri.

Nilijua sababu. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba, wala wanawake hawaigusi. Jumapili moja ilimshinda, akaitema mbele ya wajukuu. Iliniuma, maana nyumba yangu hapa ugenini, Schaerbeek, ilibaki na meza isiyo na mkubwa wake.

Sokoni nikakuta kome wa gamba gumu, wamepangwa kwa ukubwa. Nikaanza kuchagua wale wanene, kama mtu yeyote anayemnunulia baba yake. Mama muuza samaki akaniuliza nitawapikaje. Nikamwambia kwa mvuke, na kitunguu saumu.

Akatikisa kichwa. Wale wakubwa, alisema, hukatwakatwa kwenye supu, la sivyo utatafuna mpaka kesho. Wa kati huenda na tambi. Wadogo ndio wa mvuke: wakifunguka tu unawaepua, na wengine huwala wabichi kwa ndimu. Nikachukua wadogo wengi, na wakubwa wachache kwa mume wangu, ambaye hachagui chakula.

Harufu ya kitunguu saumu ilimtoa baba chumbani. Akakaa, akatazama sahani yake, kisha ya mkwewe, akaniita maman, kama kwetu baba anavyomwita binti yake.

"Maman, mi niko mutoto? Bwana yako anakula bikubwa, mi unanipatia hii?"

"Papa, ku hii bintu, bidogo njo bya bakubwa. Bikubwa ni ya supu."

"Nani alisema?"

"Maman wa samaki."

Hakuamini. Akanyoosha mkono, akachukua kome mmoja mkubwa kwenye sahani ya mume wangu. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Sote tukainamia sahani zetu, na mimi nikajuta kwenda sokoni.

Mume wangu, shavu limemvimba, akatoa wake mdomoni. "Papa, hata mi inanishinda."

Baba akacheka mpaka meno ya juu yakateleza, akayarudisha kwa kidole gumba bila kujificha. "Alors, hii ni caoutchouc, ni mupira!" Akavuta sahani yake, akawamaliza wadogo wote, na mchuzi akaunywa kwa gamba.

Jumapili iliyofuata nilipika kuku. Baba alikuwa ameshakaa mezani kabla sijamwita. Nikamwekea firigisi, kwa mazoea. Akaigeuza kwa uma, kisha akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, maman. We uko na meno."

Nilifurahi, na nilisikitika vilevile. Mama yangu alikufa bila kuionja. Nikaitafuna polepole, naye baba akaniangalia mpaka nikameza.